Fimbo Iliyokawia Kuanguka

Mama mkwe wangu alitumbukia kwenye josho la ng'ombe mchana mweupe, na mtu aliyekuwa karibu naye zaidi nilikuwa mimi, mkwewe, ambaye kwa desturi zetu sikuruhusiwa hata kumtazama usoni. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara msikilizaji huangua kicheko hapo hapo mwanzoni. Simlaumu. Lakini mimi mwenyewe sikucheka mpaka kesho yake, na kabla ya kucheka nililia kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la Mzungu upande wa juu wa Molo, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda na mtu huongea akitoa moshi mdomoni. Kazi ilikuwa maua ya pareto, viazi na maziwa. Sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wetu wenyewe, kwa sharti kwamba nao waoshwe kwenye josho la shamba ili wasilete kupe kwa ng'ombe wa bwana. Asubuhi walioshwa wake, alasiri wakaoshwa wetu, katika maji yale yale, yakiwa yamechafuka vya kutosha.

Kwa yule asiyejua josho, ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa. Ng'ombe husukumwa kwenye njia nyembamba ya mbao, mmoja nyuma ya mwingine, hadi langoni. Lango likifunguliwa anaruka, anazama, anaibuka akipiga pua, anaogelea hadi upande wa pili ambako sakafu inapanda, kisha anatoka akichuruzika. Dawa ilikuja katika mikebe iliyochorwa fuvu la kichwa. Tuliambiwa tusinawe nayo, tusiionje, na nguo zikilowa tuzivue mara moja. Mbwa mmoja wa kambini aliwahi kuyanywa maji yale, na hakuna aliyehitaji kuambiwa tena.

Mimi nilikuwa mtu wa fimbo. Ilikuwa fimbo ndefu yenye panda mwishoni, na nilisimama nayo ukingoni. Kila ng'ombe alipopita nilimwekea panda shingoni na kumkandamiza ili kichwa nacho kizame, kwa sababu kupe hupenda masikio. Langoni alikuwepo mzee mmoja aliyetoka mbali, kabila tofauti na letu, ambaye kazi yake ilikuwa kuinua na kushusha komeo. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, chake kikiwa kibovu kuliko changu, ingawa yeye alishikilia kwamba ni kinyume.

Sasa habari ya ukwe. Nilikuwa nimeoa mwaka uleule, na kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe hawakutani. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawagusani. Akija huku, wewe unakwenda kule. Haikuwa chuki, jamani, ilikuwa heshima, na sote wawili tuliishika kwelikweli. Kambi ilikuwa ndogo na mama mkwe alikuwa mtu wa kutembea sana, kwa hiyo nilizifahamu nyuma za vichaka vyote vya shamba lile. Hata kanisani, yeye akiwa mtu wa kwanza kufika kila Jumapili, mimi nilikaa nyuma ya nguzo. Nilisikiliza mahubiri ya mwaka mzima bila kumwona mhubiri.

Watu walitusaidia. Mtu akimwona anakuja, alikohoa. Kikohozi cha mama mkwe kila mtu alikijua, na mzee wa lango ndiye aliyekikohoa vizuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mvuta tumbaku na hakuhitaji kuigiza.

Siku ile mambo yalipishana. Mimi kwa kawaida nilifanya kazi ya asubuhi tu, na alasiri fimbo ilishikwa na mtu mwingine. Lakini huyo alikuwa ametumwa stesheni na mkokoteni wa magunia ya pareto, nikaambiwa niendelee. Mama mkwe naye kwa kawaida hakuja joshoni, alimtuma shemeji yangu. Shemeji alikuwa amelala na homa. Kwa hiyo yeye hakujua kwamba nipo, na mimi sikujua kwamba anakuja.

Ng'ombe wake alikuwa mkaidi. Alifika langoni akakita miguu, akakataa katakata. Nikiwa nimeinamia maji nikasikia sauti ikimbembeleza kwa lugha yetu, "Nenda, mama, nenda, ni maji tu." Nikajua ni mama mkwe. Mzee hakuwa amekohoa kwa sababu nyuma ya ng'ombe yule kulikuwa na fahali aliyekuwa akilisukuma komeo kwa kifua, na mzee alikuwa amelilalia komeo kwa mwili wake wote.

Kukimbia nisingeweza, kwa kuwa ng'ombe aliisikia sauti ya mwenyewe, akaruka, na sasa alikuwa ndani ya maji akihitaji fimbo. Nikamkandamiza harakaharaka, kisha nikageuza mgongo nikatazama milima, nikitumaini kwamba mama mkwe atapita upande wa pili. Hakupita upande wa pili. Alikuja ukingoni kwangu akimfuata ng'ombe wake, macho yake kwa ng'ombe. Alipokaribia akaliona koti langu, koti zito la kijeshi nililonunua kwa mkono wa pili Gilgil, ambalo kambi nzima ilinitambua kwalo. Akashtuka. Akafanya lile ambalo kila mwanamke mwenye heshima angefanya: akajifunika uso kwa shali, akajipenyeza pembeni ili asinikaribie. Na pembeni hapakuwa na kitu ila saruji iliyolowa.

Nilisikia mlio wa maji mgongoni. Nikageuka.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu sehemu hii kwangu ni ndefu sana. Niliona shali yake ya kahawia imetanda juu ya maji, imeingia hewa chini, imeinuka kidogo katikati. Niliona kiatu kimoja cha raba kikielea karibu na ukuta. Kule mbali ng'ombe wake alikuwa anapanda kutoka majini, na aligeuza kichwa nyuma taratibu, matone yakimdondoka kidevuni moja moja, nikayaona yote yakidondoka. Kwenye lango niliona kifua cha fahali, na kupe mmoja mnene chini ya sikio lake, na ubao wa komeo ukipinda. Mzee alikuwa amefungua mdomo lakini hakuna sauti iliyotoka. Dunia nzima ilikuwa kimya kama kanisani kabla ya sala.

Na nilifikiri. Hilo ndilo lililonitesa baadaye, kwamba nilifikiri, na mawazo hayakuja kwa vurugu, yalikuja kwa foleni, kila moja likingoja zamu yake. Nilifikiri kwamba nimgusapo nimevunja ukwe. Nilimfikiria mke wangu huko kwenye pareto, kikapu mgongoni, asijue lolote. Nilifikiri kuita wanawake waje wamtoe wao, nikapima umbali wa shamba la pareto nikaona ni mbali. Nilifikiri kumnyoshea fimbo aishike, heshima ibaki mahali pake, kisha nikakumbuka kwamba fimbo hii tangu asubuhi kazi yake ni kuzamisha vichwa, nikaona aibu kumnyoshea. Nilifikiri kuvua koti. Nilikumbuka kwamba sijui kuogelea, kwa maana sisi watu wa baridi maji tunayajua kwenye sufuria tu. Nilifikiri pia nimwiteje, kwani tangu nioe sijawahi kumwita chochote.

Kichwa chake kikaibuka. Kilemba kimemshuka shingoni, nywele zina mvi nisizozijua. Akaniona. Akafungua mdomo, na badala ya kusema "nisaidie" kama watu wengine, akasema, "Geuka!"

Haki ya Mungu, shingo yangu ilianza kutii.

Hapo komeo likavunjika. Fahali alipanda hewani, na hata yeye hakuwa na haraka, alining'inia pale juu ya maji na kwato zake mbele. Nakumbuka nikiilaza fimbo yangu ukingoni kwa uangalifu, panda ikitazama juu, kama nilivyofundishwa, ili isiteleze. Nakumbuka nikikanyaga ukingo kwa mguu wa kulia. Kisha nilikuwa ndani, maji yananifika kidevuni, koti linanivuta chini, na mikono yangu iko chini ya makwapa ya mama mkwe wangu. Nikamsukuma ukutani nikamfunika kwa mgongo. Fahali akaanguka pembeni yetu na wimbi likatupita vichwani. Nikamburuta, akanikaba shingo, tukapanda ile sakafu ya kutokea ng'ombe tumekumbatiana kama maharusi, mbele ya kambi nzima.

Mara sauti zikarudi zote kwa pamoja. Wanawake walitoka kwenye pareto wakikimbia, mke wangu mbele yao. Walimzungushia mama yao kanga na mablanketi, wakamvua zile nguo, wakammwagia ndoo za maji safi ya kisima, maji ya Molo yanayouma hadi mifupa. Mimi mzee wa lango alinipeleka nyuma ya zizi akanimwagia za kwangu bila huruma. Mama mkwe alinyweshwa maziwa mabichi, akatapika, akanyweshwa tena, akatapika tena. Alikuwa ameyameza yale maji, hakuna aliyejua kiasi gani. Lori la maziwa lilikuwa limeshaondoka. Kumpeleka hospitali Nakuru siku zile za Hali ya Hatari kulihitaji gari na karatasi ya ruhusa, na mwenye kuiandika karatasi hakuwepo shambani. Ikabidi tungoje, tuone mwili wake utasemaje.

Mke wangu alikwenda kulala kwao amwangalie mama yake. Mimi sikuweza kwenda, si kwa kuwa ni mkwe tu, bali kwa kuwa sasa nilikuwa mkwe aliyemkumbatia. Nilikaa nyumbani peke yangu, ngozi inaniwasha, macho yanachoma, moto nimewasha na joto silisikii.

Fimbo ndiyo iliyonisumbua. Niliiona ikilazwa taratibu ukingoni, panda juu. Mtu gani huyu, nilijiuliza, ambaye mama wa mkewe anazama kwenye sumu naye anapanga vifaa? Nilijihesabia yale mawazo yote, la ukwe, la pareto, la koti, la jina, nikaona kwamba kila wazo lilikuwa funda moja alilomeza. Akifa, nilijiambia, hajauawa na josho. Ameuawa na mimi niliyesimama pale nikishauriana na nafsi yangu. Na mke wangu ataniuliza, "Ulikuwa unafanya nini muda wote huo?" Nitamjibu nini? Nilimpenda mno yule msichana, na niliona wazi kwamba swali hilo likiulizwa, ndoa yetu haitaishi. Sikupata lepe la usingizi.

Kulipokucha akaja mzee wa lango. Alileta chupa ya maziwa na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa lile komeo. Alikaa, akajaza kiko chake, akanitazama.

"Wewe unakaa kama mtu imefiwa," akasema. "Nimepita huko kwao. Mama iko hai. Imelala tu."

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, labda kwa kuwa hakuwa wa kwetu. Nikasema, "Mzee, nilikawia. Nilisimama nikafikiri. Wewe mwenyewe uliniona."

Akaondoa kiko mdomoni. "Kukawia gani?"

"Nilisimama pale kitambo. Mpaka fimbo nikailaza chini."

"Fimbo gani ulilaza?" Alikuwa ameanza kukasirika. "Sikiliza, kijana. Ile saa mimi nafungua mdomo nipige kelele, wewe ulikuwa juu. Ile saa nafunga mdomo, wewe uko ndani ya maji. Hata kelele yenyewe sikumaliza. Na hiyo fimbo yako hakuna mtu alilaza. Uliiachilia tu. Wewe umeshaingia, fimbo ilikuwa bado inaanguka. Ilipiga ng'ombe dume mgongoni, ndiyo maana alienda pembeni. Leo asubuhi nimeitoa huko ndani ya dawa, panda imevunjika. Nenda uone."

Nilikwenda. Sikungoja hata kufunga vifungo vya shati. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye lango, imelowa kutoka mwanzo hadi mwisho, panda moja imekatika na manyoya mekundu ya fahali yamenasa kwenye ufa. Niliishika nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, nikiwa nimekumbatia kijiti kinachonuka dawa, na mzee alisimama kando akikohoa kile kikohozi chake ili watu wasije upande ule.

Tangu hapo nimelifikiria sana jambo hili, na nimewasikia wengi wakilieleza. Wako wanaosema kwamba hofu huisimamisha saa. Siamini. Saa ya mtu mwenye hofu na saa ya mzee wa lango ilikuwa moja, na fahali hakuning'inia hewani kwa ajili yangu. Nionavyo mimi, siku za kawaida macho ni mavivu. Mtu anaamka, anafunga kamba za viatu, anakwenda joshoni, na jioni ukimwuliza alifunga kamba ya mguu gani kwanza hajui. Hofu ikija, macho yanakusanya kila kitu, kupe, kiatu, tone la maji, na kichwa kinayashika yote bila kuchagua. Baadaye ukikaa ukayatandaza yale uliyokusanya, yanajaza chumba kizima, nawe unasema muda ulikuwa mrefu. Hata ile picha ya kuilaza fimbo nadhani kichwa changu kiliitengeneza baadaye, ili mkono uliokuwa na fimbo na mkono uliomshika mama iwe na njia ya kutoka hapa hadi pale. Sina elimu ya kulithibitisha hilo. Nina fimbo tu.

Lakini siku ile sikuwa na falsafa yoyote. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, na mke wangu nikamkuta mlangoni, amechoka, kitambaa kimekaa upande, anatabasamu.

"Ameamka," akasema. "Amekunywa uji, na amemgombeza kila mtu aliyemwaga maji sakafuni."

Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu jana.

"Ila amekulalamikia," akaendelea. "Anasema ulichelewa. Anasema alikuona umesimama pale juu ukimfikiria, kisha ukashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa. Anasema alipata nafasi ya kuimaliza Baba Yetu, akaianza tena."

Nikamweleza ya fimbo na ya mzee. Alisikiliza, akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Watu wawili walikuwa ndani ya lile josho na wote wawili waliona umri mzima ukipita, na yule aliyekuwa pakavu hakupata hata nafasi ya kumaliza kelele yake.

Lilibaki jambo la ukwe. Wazee wa kambi walikuwa wameanza kuulizana kama inafaa kuchinjwa kondoo wa utakaso, na wengine wa kanisani wakisema desturi hizo ziachwe kabisa, tusalimiane sasa mchana kweupe maana yaliyokwisha kutendeka yametendeka. Mimi sikujua nishike lipi. Nilimwuliza mke wangu, nikiona haya, mama yake amesema nini.

"Kondoo hataki," akasema. "Anasema dawa ya Mzungu imeshawasafisha vya kutosha. Na kusalimiana pia hataki, anasema yeye si mtu wa kuharibu heshima kwa sababu ya siku moja." Akaniwekea mkono begani, palepale ngozi ilipokuwa ikiwasha. "Amesema uendelee kujificha kama zamani. Lakini usijifiche mbali."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila kiliposikika kile kikohozi cha kunionya kwamba yuko njiani, mimi niligeuza uso nikaenda nyuma ya mti uliokuwa karibu zaidi na njia, nikasimama hapo mpaka apite.